Elimu ya ufundi Same: milango iliyopo, gharama zake, na kwa nini shule za milimani zinahitaji karakana ya pamoja

Kila mara matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, swali linalotufikia kwa wingi kutoka Mamba, Vudee, Hedaru, Ndungu na kwingineko ni hili: "Mtoto hakupata nafasi ya kidato cha tano. Sasa nimpeleke wapi?" Siku hizi kuna swali la pili linalofuatana nalo: "Tumesikia habari ya mkondo wa amali. Je, ni ufundi kweli au ni jina jipya tu?"

Makala hii inajibu maswali hayo mawili kwa utaratibu. Tunaeleza elimu ya ufundi ilitoka wapi, nani anaisimamia, milango gani iko wazi kwa kijana wa Upare, mzazi ajiandae na gharama zipi, na namna ya kukikwepa chuo kisichotambulika. Mwishoni tunazungumzia jambo linalohusu wilaya nzima: shule zetu zilizotawanyika milimani zitapataje karakana ya kufundishia. Ni makala ndefu kidogo. Unaweza kuisoma kipande kwa kipande.

Ufundi si mgeni Upare

Kabla ya shule yoyote kujengwa, Upare ilikuwa nchi ya mafundi. Ukoo wa Washana ulijulikana kwa kufua chuma, na chuma cha Ugweno kiliuzwa hadi kwa majirani zetu Wachaga. Ujuzi ule ulirithishwa. Kijana alikaa kiwandani na wazee, akavuta mivuo, akabeba mkaa, na baada ya miaka akaruhusiwa kushika nyundo. Leo tungeuita uanagenzi.

Vivyo hivyo kwa ndiva, yale mabwawa madogo ya asili yanayokusanya maji usiku ili mchana yaelekezwe mashambani kwa mifereji. Kuchagua mahali pa kuijenga, kupima mteremko na kugawana zamu za maji ni uhandisi, ingawa haukuandikwa kwenye daftari.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja wamisionari, Walutheri upande wa kaskazini na Wasabato upande wa kusini, na shule zao. Kusoma na kuandika kukapata heshima kubwa, na polepole mawazo yakabadilika. Mtoto mwenye akili alitazamiwa kuwa karani, mwalimu au mganga, na fundi akahesabiwa kuwa ni yule aliyeshindwa masomo. Fikra hiyo bado tunayo, nayo inatugharimu.

Jambo jingine tulilorithi ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Barabara nyingi za milimani, zahanati na madarasa mengi yalijengwa kwa watu kutoka na majembe, kubeba mawe na mchanga vichwani, siku moja ya wiki. Tutarudi kwenye msaragambo baadaye, kwa sababu ndiyo silaha yetu katika suala la karakana.

Serikali ilivyopanga mambo

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule imwandae mtoto kuishi na kufanya kazi kijijini, kwani wengi hawangeendelea na masomo ya juu. Shule zikaanzisha mashamba na miradi. Tatizo ni kwamba katika shule nyingi kazi ya mikono iligeuka kuwa kulima tu, bila mwalimu wa ufundi wala vifaa.

Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vinavyofahamika kwa kifupi FDC. Wazo lilitoka katika nchi za Skandinavia, ambako watu wazima wa vijijini walikuwa na vyuo vyao vya kujiendeleza, na Sweden ilisaidia kuvianzisha hapa kwetu. Leo kuna vyuo 54 nchini. Vilikuwa chini ya wizara inayohusika na maendeleo ya jamii, kisha vikahamishiwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.

Mwaka 1994 Bunge lilipitisha Sheria Na. 1 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA. Sheria hiyo pia ilianzisha tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwajiri huilipa kwa kukokotoa asilimia ya mishahara yote anayolipa. Tozo hiyo imebadilika mara kadhaa, na mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5. Sehemu ya fedha hizo huenda VETA, ndiyo maana ada za vyuo vyake ni nafuu kuliko gharama halisi ya kumfundisha fundi mmoja.

Nani anasimamia nini

Wazazi wengi huzunguka ofisi nyingi bila jibu kwa sababu elimu ya ufundi ina wasimamizi zaidi ya mmoja. Mgawanyo wake ni huu:

Shule za msingi na sekondari za serikali ziko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Kwa suala la shule, nenda kwa Afisa Elimu wa Kata, kisha kwa Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri.

VETA na FDC ziko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mkoa wetu wa Kilimanjaro unahudumiwa na ofisi ya VETA ya Kanda ya Kaskazini.

Baraza linalosajili vyuo na kusimamia ubora wake ni NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Chuo kikiwa cha serikali, cha dini au cha mtu binafsi, lazima kisajiliwe na Baraza hili.

Kwa hiyo shule ya sekondari na chuo cha ufundi vinaweza kuwa katika kata moja, vikitazamana, lakini kila kimoja kina mkubwa wake, bajeti yake na ratiba yake. Likumbuke jambo hili, maana ndilo linalofanya ushirikiano kuwa mgumu.

Mlango wa kwanza: mkondo wa amali sekondari

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imebadilisha mpangilio wa elimu nchini. Elimu ya lazima inakuwa miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Watoto wa darasa la sita na wale wa darasa la saba wanatarajiwa kumaliza shule ya msingi pamoja mwaka 2027, hivyo idadi ya wanaoingia kidato cha kwanza mwaka unaofuata itakuwa kubwa kuliko kawaida.

Katika mpangilio huo sekondari ina mikondo miwili. Mmoja ni mkondo wa elimu ya jumla, ule tuliouzoea. Wa pili ni mkondo wa amali. Mwanafunzi wa amali anasoma masomo machache ya jumla pamoja na fani moja ya kazi, kama vile ujenzi, umeme, ufundi magari, ushonaji, kilimo au upishi. Lengo ni kwamba akimaliza kidato cha nne awe na cheti cha masomo ya jumla na pia utambuzi wa ujuzi wake wa fani.

Kwa hiyo jibu la swali la wasikilizaji ni kwamba amali si jina jipya la shughuli za mikono za zamani. Ni ufundi wenye mtaala na upimaji wake. Lakini mtaala hauchomelei geti. Mwanafunzi anahitaji mashine, malighafi na mwalimu anayejua kazi. Mkondo huu umeanza na shule chache zenye uwezo, na si kila shule ya kata inao. Kabla hujamwandikia mtoto fani fulani, uliza shule ina nini.

Zipo pia shule kongwe za sekondari za ufundi za serikali. Iliyo karibu nasi ni Moshi Technical. Nyingine ni Tanga, Ifunda, Iyunga, Mtwara, Musoma na Bwiru Wavulana.

Mlango wa pili: VETA

Hapa kijana anasoma fani moja kwa kina: umeme wa majumbani, uashi, useremala, bomba, uchomeleaji, ufundi magari, ushonaji, upishi, huduma za hoteli na nyinginezo. Kila chuo kina fani zake, hivyo usifikiri kwamba kila VETA inafundisha kila kitu.

Ngazi za tuzo ni tatu: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa kifupi huandikwa NVA I, II na III. Wa ngazi ya kwanza anafanya kazi za msingi akiwa na msimamizi. Wa ngazi ya tatu anaweza kufanya kazi peke yake na kuwaongoza wengine. Kijana asikatishwe tamaa na maneno kwamba VETA ni mwisho wa njia. Akifika ngazi ya tatu anaweza kuomba kujiunga na vyuo vya ufundi kama Chuo cha Ufundi Arusha, kuanza ngazi ya cheti cha fundi sanifu, kisha stashahada, na akiweza, shahada.

Kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari. Fomu hutolewa miezi kadhaa kabla, kuanzia Agosti hivi, na waombaji hufanya mtihani wa kupimwa uwezo. Hii ndiyo sababu mzazi anayesubiri matokeo ya kidato cha nne ndipo atafute fomu mara nyingi hukuta nafasi zimejaa. Kozi fupi za wiki chache au miezi michache hutolewa nyakati mbalimbali za mwaka.

Mlango wa tatu: FDC

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinawafaa hasa vijana na watu wazima ambao hawakumaliza shule. Mkoani Kilimanjaro vipo kama Msinga na Mamtukuna. Vinafundisha ufundi pamoja na kilimo, mifugo na ujasiriamali, na vingine hutoa pia elimu ya sekondari kwa njia ya haraka.

Hapa tuseme wazi kuhusu mabinti. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Anayeona aibu kurudi darasa lile lile anaweza kwenda FDC au kwenye vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Vipo vyuo vya FDC vinavyompokea mama kijana pamoja na mtoto wake, mtoto akatunzwa wakati mama yuko darasani. Mzazi, binti yako hajamaliza maisha. Usimfungie ndani kulea tu.

Mlango wa nne: fundi aliyejifunzia kijiweni

Wapo mafundi wazuri sana pale Same mjini, Makanya na Maore ambao hawakukanyaga chuo. Walijifunza kwa baba, kwa mjomba au gereji. Shida yao huonekana pale zabuni au ajira inapotaka cheti.

VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hujiandikisha, wataalamu humkuta kwenye kazi yake, wanampima kwa vitendo na kwa maswali, wanamwonyesha penye upungufu, anapewa mafunzo ya kuziba mapengo hayo, kisha anatathminiwa na kupewa cheti. Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikigharamia mafunzo ya namna hii pamoja na yale ya uanagenzi kwa vijana. Matangazo yake hupita halmashauri, hivyo uliza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii au mtendaji wa kata.

Gharama, tuongee ukweli

Ada ambayo kwa miaka mingi imejulikana katika vyuo vinavyomilikiwa na VETA ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ukisikia hivyo unaweza kufurahi mapema. Soma fomu ya kujiunga hadi ukurasa wa mwisho, kwani ada siyo gharama yote. Kuna sare na ovaroli, viatu vya usalama, vifaa vya fani, bima ya afya, ada ya mtihani, godoro kwa anayelala bweni, na nauli. Vyuo vya dini na vya binafsi hupanga ada zao, na tofauti kati ya chuo na chuo ni kubwa.

Sekondari za serikali hazina ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Mwanafunzi wa mkondo wa amali katika shule ya serikali yumo katika utaratibu huo. Mchango wa jamii haupaswi kugeuzwa sharti la mtoto kuingia darasani, wala mtoto hafukuzwi shule kwa sababu mzazi hajachanga.

Familia ya milimani inayotegemea kahawa, tangawizi au ndizi hupata fedha kwa msimu. Ni busara kuzungumza na chuo mapema kuhusu kulipa kwa awamu kuliko kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa mwezi Januari, wakati kila mtu anauza.

Jihadhari na chuo kisichosajiliwa

Chuo kisicho na usajili kinaweza kuwa na bango zuri na sare za kupendeza. Hasara yake huonekana baada ya miaka miwili, kijana anapopeleka cheti mahali na kuambiwa hakitambuliki. Ada imekwenda, na umri umekwenda. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, fanya haya:

1. Omba namba ya usajili wa NACTVET, kisha uihakiki kwenye tovuti ya Baraza au ofisi zake. Ukishindwa kuitumia simu kwa hilo, mwombe mwalimu au kijana unayemwamini akusaidie.

2. Uliza kama fani yenyewe anayoitaka mtoto imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa ushonaji lakini kikatangaza umeme.

3. Tembelea karakana siku ya kazi, si siku ya mahafali. Angalia kama mashine zinafanya kazi na kama wanafunzi wenyewe wanazishika.

4. Uliza mtihani wa mwisho unatungwa na nani na cheti kinatolewa na nani.

5. Uliza mafunzo kwa vitendo kazini ni ya muda gani na chuo kinamtafutia mwanafunzi nafasi wapi.

6. Lipa benki au kwa namba ya malipo ya chuo, na utunze risiti. Usimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi kwamba "nafasi iko".

Chagua fani kwa kutazama mahali ulipo

Ushauri wa kwamba umeme una hela au magari yana hela hautoshi. Tazama Same yenyewe. Umeme vijijini umefika sehemu nyingi, na kuunganishwa chini ya miradi ya REA ni shilingi 27,000, lakini nyumba lazima kwanza ifanyiwe wayaringi. Anayefanya kazi hiyo anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA. Kwa hiyo kijana wa umeme aulize tangu mwanzo cheti chake kitampeleka kwenye leseni ya daraja gani.

Mamba Miamba kuna zao la tangawizi na kiwanda chake. Mashine za kuosha, kukata, kukausha na kusaga zinahitaji fundi mitambo anayekaa karibu. Ndungu kuna skimu ya umwagiliaji ya mpunga, na huko pawatila, pampu na mashine za kukoboa huharibika msimu wa kazi. Makanya wanachimba jasi, na malori hupita. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha inapita Hedaru, Makanya na Same, na gari bovu halichagui mahali pa kuzimika. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi iko mlangoni petu, na wageni wanahitaji chakula na malazi. Milimani maji ya bomba ya mserereko yanahitaji fundi bomba anayeielewa presha ya maji yanayoshuka kutoka juu.

Fani isiyo na wateja karibu itamtoa kijana kijijini. Si vibaya kuondoka, lakini ni vema familia ijue hilo mapema.

Akimaliza, mtaji wa kununua vifaa unaweza kupatikana katika mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana huomba kwa vikundi vilivyosajiliwa. Wahitimu watano wa fani zinazoshabihiana, kwa mfano mwashi, seremala, fundi bomba, fundi umeme na mchomeleaji, wanaweza kuwa kikundi kimoja cha ujenzi. SIDO, ambayo ipo tangu mwaka 1973, nayo hutoa ushauri na mafunzo kwa wenye viwanda vidogo.

Karakana ya pamoja

Sasa tuje kwenye suala la wilaya nzima. Sera inataka amali iingie sekondari. Wilaya ya Same ilikuwa na watu 269,807 katika sensa ya mwaka 2012, nao wamesambaa kutoka tambarare za Ruvu hadi vilele vya Shengena vinavyozidi mita 2,400. Shule nyingi ni za kata, ndogo, na njia ya kutoka moja kwenda nyingine ni milima na makorongo. Kuipa kila shule mashine za kuchomelea, za useremala na za umeme, na kuipa mwalimu wa kila fani, ni gharama isiyobebeka. Walimu wa ufundi stadi wenyewe ni wachache na huandaliwa na chuo maalumu kilichoko Morogoro.

Yakifanyika mambo nusunusu, tutapata amali ya ubaoni. Mwanafunzi atachora mchoro wa mashine ya kuchomelea kwenye daftari kwa miaka minne na kuhitimu bila kuiwasha. Elimu ya Kujitegemea ilipungukiwa hapo hapo katika shule nyingi, na tusirudie.

Wenzetu wamekutana na tatizo hili. Katika jimbo la New York nchini Marekani, wilaya ndogo za shule za vijijini hazikuweza kila moja kumudu karakana. Mwaka 1948 jimbo likatunga sheria ya kuziruhusu kuunda bodi za huduma za pamoja. Shule kadhaa huchangia kituo kimoja. Mwanafunzi hubaki mwanafunzi wa shule yake, husoma huko masomo ya kawaida nusu ya siku, na nusu nyingine huenda kituoni kujifunza fani. Nchini Ujerumani, mwanagenzi hugawa wiki yake kati ya darasa la chuo na sehemu ya kazi, na mwajiri ni sehemu ya shule.

Hatuwezi kuyachukua hayo jinsi yalivyo. Basi la shule linalowazungusha watoto kila siku halitapita barabara ya Vudee msimu wa masika. Lakini wazo la kuchangia kitu kimoja linaweza kuvaa mazingira yetu. Tunaona njia tatu zinazofaa kujadiliwa kwenye vikao vya kata na bodi za shule:

Kwanza, badala ya kusafiri kila siku, wanafunzi wa shule kadhaa waende kwa zamu ya wiki nzima kwenye shule au chuo chenye karakana na bweni. Wiki hii shule ya kwanza, wiki ijayo ya pili. Karakana haikai bure, na nauli hulipwa mara chache.

Pili, mwalimu na sanduku la vifaa ndivyo visafiri. Fani kama umeme wa majumbani, bomba na ushonaji zinaweza kufundishwa mwanzoni kwa vifaa vinavyobebeka. Mashine kubwa zisubiri zamu ya karakana.

Tatu, mafundi wa kijiji wapokee wanafunzi siku maalumu. Fundi aliyekwisha pimwa na kupewa cheti kupitia utaratibu tuliouelezea juu anaweza kuwa mkufunzi wa vitendo, kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja usalama wa mtoto, saa za kazi na malipo ya fundi.

Kikwazo ni kile tulichokitaja, wasimamizi tofauti. Mkuu wa sekondari hana mamlaka ya kugawa muda wa karakana ya VETA, na mkuu wa VETA hawezi kupokea wanafunzi wa halmashauri bila makubaliano. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa walimu. Linahitaji makubaliano kati ya halmashauri na chuo, yakitaja nani analipa malighafi, nani anabeba jukumu mtoto akiumia, na ratiba ya mwaka. Diwani wako anaweza kulibeba hadi baraza la madiwani. Mbunge ana Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo.

Na wananchi tuna msaragambo. Mawe, mchanga na nguvu tunavyo, na jengo si kazi ngeni kwetu. Ila tukubaliane na mpangilio: kabla ya kumwaga msingi, tujue mashine zitatoka wapi, mwalimu ni nani na umeme wa kuziendesha upo. Jengo lenye bango la karakana lakini ndani limehifadhi madawati mabovu ni jasho la watu lililopotea.

Maswali ya kupeleka kwenye kikao cha shule

Mkutano ujao wa wazazi ukifika, beba maswali haya:

- Je, shule yetu ina mkondo wa amali au imepangiwa lini?
- Fani gani, na kwa nini hiyo?
- Mwalimu wa fani yupo? Ameajiriwa au anajitolea?
- Vifaa vilivyopo vinawatosha wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja?
- Chuo cha ufundi kilicho karibu ni kipi, na tuna makubaliano nacho?
- Mtoto akihitimu atapata vyeti gani, na vinatolewa na nani?

Mkuu wa shule anayejua kazi yake hataudhika kwa maswali haya. Yatamsaidia hata yeye kudai vifaa huko juu.

Washana hawakuona haya kuwaweka watoto wao kwenye mivuo, na chuma chao kilivuka milima. Mtoto wa Same anayejua kufunga umeme salama, kuunganisha bomba lisilovuja au kushona nguo inayokaa vizuri mwilini hajaangukia ufundi. Amejifunza kazi, na kijiji chake kinaihitaji. Hifadhi makala hii kwenye simu yako, mtumie jirani mwenye kijana nyumbani, na fomu zikitoka mwezi wa nane msiwe wa mwisho kuzitafuta.